Beringi Niliyoisugua

Kwenye gereji yetu hapa Eldoret, mafundi wenzangu hula mchana pamoja kando ya redio. Mimi hula peke yangu nyuma ya magari, maana nikitaka kuongea mdomo hukauka. Mzee Koech wa Kimumu alipoleta gari lake la spoti, klachi ikilia kila akiikanyaga, mkubwa wetu alinipa kazi hiyo mimi. Nikasema moyoni, nikifaulu, labda wataniita tule pamoja.

Nilishusha giaboksi, nikatoa beringi ya klachi iliyochakaa, ndiyo iliyokuwa ikilia. Sisi humrudishia mwenye gari kipuri cha zamani, aone hakuibiwa. Niliona aibu kumpa mzee kitu kichafu, nikakiosha kwa petroli na kukisugua mpaka kikang'aa. Kisha nikakiweka kando ya kipuri kipya cha kufunga, nikaenda kunawa.

Niliporudi sikujua kipya ni kipi. Ningeuliza, lakini wenzangu walikuwa wakicheka mambo yao. Nikafunga kile kilichong'aa zaidi. Kingine nikakiviringisha kwa gazeti nimpe mzee.

Jioni Mzee Koech aliwasha gari, akakanyaga klachi. Ikalia vilevile. Akafungua gazeti, akaizungusha ile beringi kidoleni. Ilizunguka kimya kabisa.

"Kijana," akasema, "mbona hii mbovu hailii?"

"Mzee, huyo ameosha ugonjwa akaurudisha ndani!" fundi mwenzangu Otieno akapiga kelele.

Mtu akazima redio. Gereji nzima ikageuka kunitazama, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza.