Kompyuta Iliyogoma Kila Alasiri

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyoulizwa swali jepesi mbele ya watu watatu, nikalijibu kwa neno moja la uongo. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Mengi yamenipata tangu hapo, mema na mabaya, lakini kila kijana anapokuja kuniaga kwamba amepata kazi, kisa hiki ndicho kinachonijia mdomoni. Wewe nawe umepata, Mungu ashukuriwe. Kaa kidogo basi, safari yako haikukimbii.

Miaka ya themanini ilikuwa inaelekea ukingoni. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya vyumba viwili mjini Malindi, iliyokuwa ikikusanya maneno ya Kigiriama ili yatiwe katika kamusi. Mkuu wetu alikuwa Mwalimu Katana, mzee aliyestaafu kufundisha, aliyezunguka vijijini kwa baiskeli akiwasikiliza wazee na kuandika. Wapiga chapa tulikuwa wawili: mimi nikifanya kazi asubuhi, na mwenzangu Mueni mchana. Mueni alikuwa Mkamba, ila alizaliwa na kulelewa Mariakani, na Kigiriama chake, nakuambia, kilinyooka kuliko changu mimi niliyekinyonya kwa mama.

Tulikuwa na kompyuta moja tu. Ilizeeka kabla haijatufikia; rafiki zake Mwalimu walioko ng'ambo waliitumia miaka, wakaichoka, wakatuletea. Lilikuwa sanduku zito lenye rangi ya maziwa yaliyolala, kioo chake cha maandishi ya kijani, na matundu mawili ya kutilia disketi, zile sahani nyembamba za kuhifadhia maandishi. Usicheke. Siku zile watu walitoka sokoni na vikapu vyao wakaja kuichungulia dirishani.

Ikatokea tukahamia jengo jingine, mitaa miwili mbele. Mwalimu akanikabidhi mimi niisindikize kompyuta kwenye mkokoteni. Njiani gurudumu likaingia shimoni, kamba ikalegea, na lile sanduku likaanguka chini kwa ubavu. Nilitazama huku na huku. Hakuna aliyeona ila mwenye mkokoteni, naye aliogopa kunishinda. Tukalipangusa vumbi, tukalifunga upya. Nilipofika ofisini nikaiwasha, ikawaka vizuri. Nikashusha pumzi, nikafunga mdomo.

Wiki haikwisha, vituko vikaanza. Mueni yuko katikati ya neno, herufi zinaganda. Abonyeze asibonyeze, hakuna kinachosogea. Siku nyingine kioo kinajaa alama zisizosomeka. Siku nyingine mashine inajizima na kujiwasha yenyewe, na kila alichokuwa hajakihifadhi kimepotea. Na ajabu ni kwamba mambo hayo yalimpata Mueni peke yake. Kwangu mimi wa asubuhi ilitulia kama mtoto aliyeshiba.

Mwalimu alimleta mtaalamu kutoka Mombasa. Bwana yule alibadilisha waya wa umeme, akaweka programu upya, akasogeza meza, yote kwa saa moja, akaenda zake. Kesho yake alasiri ikaganda vilevile.

Kisha ikaja siku ya Hawe Sidi. Hawe ndivyo sisi Wagiriama tunavyomwita bibi, na huyu alikuwa bibi kizee wa Ganze aliyejua majina ya majani ya dawa ambayo hata Mwalimu hakupata kuyasikia. Aliletwa ofisini, akaketi kando ya Mueni tangu saa sita, akitaja jani baada ya jani, na Mueni akiyaandika moja kwa moja kwenye mashine. Saa tisa kioo kikaganda. Ilipowashwa tena, disketi nayo haikusomeka. Hawe Sidi akatutazama mmoja mmoja.

"Sasa maneno yangu yamekwenda wapi?" akauliza.

Alipokwisha kuondoka, Mwalimu, mtu asiyejua kupaza sauti, siku hiyo aliipaza.

"Mueni, wewe waifanyia nini mashine hii? Mbona Kadzo haimsumbui?"

Kadzo ni mimi. Nilikuwa nimebaki kumsikiliza Hawe, nimesimama palepale. Majirani wa ofisi wakaanza kunong'ona kwamba mgeni hawezi kuwa na uchungu na maneno ya wenyewe. Mwalimu akamwambia Mueni kwamba mambo yakiendelea hivyo hadi mwisho wa mwezi, atalazimika kutafuta mtu mwingine. Mueni alikuwa akimtunza mamake mgonjwa kwa kazi ile. Nilijua hilo, na bado nikanyamaza.

Mwalimu alipokata tamaa ndipo alipomwendea Fundi Shee. Huyu alikuwa mzee wa Kibajuni, mtu wa visiwa vya kaskazini, mwenye duka la mlango mmoja la kutengenezea redio, na sifa mji mzima. Alikuja na mkoba wake wa ngozi, tukamwamkia shikamoo, akaitikia, akaketi. Mkoba hakuufungua.

"Mwalimu, nikwambie kweli," akasema. "Redio nazijua. Chombo hiki sijapata kukifungua. Lakini kitu kilichokuwa kizima kikaharibika, kina sababu yake. Tutaitafuta. Kama mna haraka, tafuteni mtu mwingine."

Mwanangu, sikuwa nimewahi kumwona mtu mwenye sifa kama zake akisema hajui, tena kwa sauti, bila kuona haya. Nilimpenda papo hapo. Na papo hapo nikaanza kumwogopa.

Akaanza kuuliza. Ilianza lini? Ni kabla ya kuhama au baada? Tukamwambia ni baada.

"Wakati wa kuhama, ilipata kugongwa? Ilianguka?"

Mwalimu akanitazama. Mueni akanitazama.

"La," nikasema.

Fundi Shee akaitikia kwa kichwa, akaliandika jibu langu katika daftari la shule, kwa mwandiko mzuri uliotulia. Nilitamani lile daftari lishike moto.

Tangu siku hiyo alituagiza tuandike kila kitu humo: saa ya kuwasha, saa ya kukwama, nani alikuwa kitini, alikuwa akifanya nini. Yeye alikuja kila siku baada ya sala ya adhuhuri, akabadilisha kitu kimoja tu, akakaa kutazama. Leo waya. Kesho tundu la umeme ukutani. Keshokutwa disketi mpya. Mimi, kwa dhamiri iliyokuwa ikinichoma, nikamwuliza kwa nini asibadilishe vyote mara moja tukamaliza.

"Nikivibadilisha vyote ikapona, nitajuaje kilichokuwa kibovu ni kipi?" akanijibu kwa upole. "Na ikirudia kuugua, nitaanzia wapi?"

Siku ya nane alilisoma daftari tangu mwanzo, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Kisha akalifunga.

"Mashine hii haimjui Mueni," akasema. "Yajua saa. Yawashwa asubuhi, na Kadzo akiondoka huwa imekwisha kupata moto. Kesho badilishaneni zamu."

Tukabadilishana. Asubuhi Mueni alipiga chapa hadi saa sita bila tatizo lolote. Nikakaa mimi. Saa nane na nusu herufi zikaganda chini ya vidole vyangu mwenyewe. Niligeuka. Mueni alikuwa ameketi nyuma yangu akitazama. Hakucheka wala kunisema. Aliinamisha uso katika leso yake, akalia.

Mwalimu Katana alivuka chumba, akasimama mbele yake. "Nimekukosea, mwanangu," akasema. "Nimekukosea sana." Mzee wa mvi vile, mbele yetu sote.

Fundi Shee alikuwa bado anaikodolea macho kompyuta. "Ni joto," akasema. "Ikipata moto kuna mahali panaachana. Lakini joto la Malindi ni lilelile la mwaka jana. Kwa nini paachane sasa? Hapo ndipo nilipokwama. Yamkini itabidi ipelekwe Nairobi."

Mwalimu akasema ikienda Nairobi haitarudi, na kazi yetu itakuwa imekwisha. Nikasikia sauti yangu kama ya mtu mwingine: "Fundi, ilianguka. Siku ya kuhama. Nilisema uongo."

Fundi Shee alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kikoi, akaivaa.

"Iliangukia ubavu upi?" akauliza. Hilo tu.

Nikamwonyesha. Akafungua skrubu moja moja, akazipanga juu ya gazeti kwa mpangilio wa zilivyotoka. Ndani, upande ule ule, kadi moja, kibao chembamba kilichochomekwa humo, ilikuwa imenyanyuka pembeni, na vile vidude vyeusi vyenye miguu mingi kama jongoo vilikuwa vimechomoka kidogo katika vikalio vyao. Miguu yao ilikuwa imeshika kutu ya kijani kwa hewa ya chumvi. Alivitoa kimoja kimoja, akaipangusa miguu kwa spiriti, akavirudisha kwa kukandamiza hadi kila kimoja kikakaa: tik. Cha mwisho alimwachia Mueni akibonyeze. Tuliiwasha, ikafanya kazi mchana ule wote, na siku iliyofuata, na msimu mzima wa joto la kaskazi.

Kabla hajaenda, Fundi aliniita barazani.

"Binti, chombo hakina kinywa," akasema. "Nilikutegemea wewe unisemee yaliyokipata. Siku zote hizi nimetafuta pasipokuwa na kitu. Hilo halinidhuru, kutafuta ndiyo kazi yangu. Lakini yule mwenzio aliamka kila asubuhi akijiona mpotezaji wa maneno ya watu. Hilo mie siwezi kulitengeneza kwa bisibisi."

Nikamwendea Mueni. Sikuwa na maneno mazuri. Nilisema tu nisamehe.

"Ningekusaidia kulibeba kosa hilo, Kadzo," akasema. "Ungeniambia mimi tu."

Hakunisamehe siku hiyo, na hakupaswa. Kwa wiki kadhaa tulisalimiana kwa shida. Mimi nikajipangia kwenda Ganze na kalamu na karatasi, niyaandike upya maneno ya Hawe Sidi. Nilimkuta akikoboa mahindi. Nikaeleza nilichofuata, na kosa langu nikamwambia lote. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Yule binti wa Kikamba yuko wapi?" akauliza. "Yeye ndiye ajuaye kusikiliza. Mlete."

Ikanibidi nirudi Malindi nikamwombe Mueni, mara ya pili, jambo kubwa kuliko la kwanza. Akacheka, mara yake ya kwanza tangu mambo yale. "Amesema hivyo kweli?" Jumamosi iliyofuata tulikwenda wote wawili. Hawe alimkalisha Mueni kando yake, akataja majani hadi jua likageuka, na mimi nikaandika. Baadhi aliyasahau. Mengi yaliokoka, nayo yamo katika kamusi ile hadi leo.

Basi mwanangu, huko uendako utaharibu kitu, hakuna afanyaye kazi asiyeharibu. Kiseme siku hiyo hiyo, kwa maana ukikificha, kuna mtu atakibeba kwa niaba yako, na mara nyingi ni yule asiye na wa kumtetea. Na kazi inapokwama, usianze kwa kutafuta ni nani. Uliza ni lini, na baada ya nini, ubadilishe kimoja, usubiri uone. Usilolijua, sema hulijui. Fundi Shee alilisema, na sijakutana na mtu aliyejua kumshinda.

Nenda sasa. Mungu aitulize mikono yako katika kila utakaloligusa, akupe wenzako wa kukwambia kweli, na ulimi wa kuwaambia wewe. Akurudishe kwetu ukiwa na amani, unikute hai. Amina.