Kijiwe chenye Macho

Juzi, katika chumba cha nyuma cha makumbusho, dada anayechunguza mbegu za kale aliniwekea kiganjani kokwa lililogeuka jiwe. Nikaligeuza: lilikuwa na matundu matatu.

Alasiri moja ya utotoni, kijijini kwetu Adu, baba alikuwa akichimba kisima nyuma ya nyumba. Udongo mbichi ulinukia mvua. Sururu ikagonga, ko! Baba akakitupa nje kijiwe mfano wa yai, chenye matundu matatu: macho mawili na mdomo. Nilimjua papo hapo. Alikuwa mdogo wangu, tuliyemzika hapo karibu kabla hajapewa jina.

“Mbona watetemeka, mwanangu?” mama aliniuliza.

“Si kitu, mama.”

Nilikuwa nimemficha ndani ya leso. Nikakimbia kumrudisha kaburini mama asije akamwona, nikafukua na kufukia kwa mikono.

“Matundu matatu ni alama ya jamii ya mnazi,” dada yule wa makumbusho alinieleza. “Moja tu ndilo jicho la kuchipulia.”

Nazi nimezifua maisha yangu yote, wala sikukifananisha kijiwe kile nazo.

“Hili lilichipua?”

“La. Lilifukiwa mapema mno.”

Akanyoosha mkono nimrudishie. Nami vidole vilikataa kufunguka.