Maneno Ambayo Mama Ndinda Hakuyasema

Admin, naomba ufiche jina langu, na hata chuo usikitaje, maana kwetu watu wanajuana. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na tatu, kifungua mimba, kwetu ni milima ya Kilungu, Makueni. Nasomea kilimo chuo kikuu huko Kitui, mwaka wa mwisho. Wenye matusi naomba mngoje nimalize, halafu mnitukane vizuri, kwa sababu nimeyatafuta mwenyewe.

Utafiti wangu ulikuwa juu ya mwethya, vile vikundi vya akina mama wanaolimiana kwa zamu. Leo wanachimba mitaro ya kuzuia udongo kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka mzunguko uishe kabla ya mvua. Nilichagua kikundi cha nyumbani, wanawake kumi na wawili, mwenyekiti akiwa mama yangu mzazi. Nilijiona mjanja sana. Msimamizi wangu, mwalimu mpole lakini mkali kwa kazi, alikuwa ametuonya mapema: "AI mnaruhusiwa kusahihisha lugha, na mseme mmeitumia. But sauti za watu, hizo mzifuate na miguu yenu." Tukajaza fomu ya kukubali masharti. Mimi nilitia sahihi bila kusoma mara mbili.

Jumapili moja baada ya ibada nikawapata wote nje ya kanisa. Mama alinitajia majina kwa mpangilio wa zamu zao za kulimiwa, nikazipa fomu namba kwa mpangilio huo huo, nao wakatia sahihi au kidole gumba kwenye fomu za ridhaa, wakicheka kwamba sasa watasomwa chuoni. Niliwaahidi nitarudi niwahoji mmoja mmoja. Sikurudi. Kulikuwa na mitihani, na kulikuwa na uvivu pia, nisiwadanganye. Siku za kuwasilisha zilipobana niliingia maktaba, nikaiandikia AI maswali yangu, nikaiambia ijibu kama wakulima kumi na wawili wa Ukambani. Kwa ule ujuaji wangu nikaongeza: wachache walalamike, isionekane imetungwa. Ikajibu yote mara moja. Nikayagawa majibu kwa namba za zile fomu, mshiriki wa kwanza mpaka wa kumi na mbili, nikidhani nimemficha kila mtu.

Msimamizi aliipenda ile kazi kupita kiasi. Akasema ukichukua maneno ya watu sharti uwarudishie, na mwezi uliopita akaja mwenyewe Kilungu. Akina mama wakampikia muthokoi na kuku. Yeye akawa anasoma kwa Kiswahili, mama anatafsiri kwa Kikamba, sauti juu, fahari tupu. Wakafika namba saba. "Mshiriki wa saba anasema mwenyekiti hulimiwa kwanza kila mwaka, na wajane huachwa mpaka mvua iwakute."

Mama alitafsiri nusu, akaishia hapo. Msimamizi hakujua kitu, lakini kila mwanamke pale anajua namba ya zamu yake kuliko tarehe yake ya kuzaliwa. Wote walimgeukia Mama Ndinda (si jina lake), mjane wa umri wa nyanya yangu, mwenye zamu ya saba. Kiswahili chake ni kidogo. Alikuwa bado anatabasamu.

Tangu siku hiyo mama hana raha. "Huyu mama nimemlimia tangu azike bwana yake," aliniambia akichambua ndengu. "Mwaka jana nilimpatia zamu yangu. Kama ako na shida na mimi, si angeniambia? Anaenda kuambia mwalimu!" Zamu ya saba ilipofika, kikundi kikaruka kwenda kwa wa nane. Hakuna aliyetangaza, walipita tu. Shamba la Mama Ndinda liko kwenye mteremko mkali, mvua iko karibu, na yeye hawezi kuinua sururu.

Nilijaribu kupitia kando. Nilimwambia mama labda alieleweka vibaya. Mama akanikazia macho: "Si ni wewe uliandika? Alisema ama hakusema?" Nikajibu, "Alisema."

Mtauliza kwa nini sikutoboa siri hapo. Mama yangu hawezi kuficha uongo, hata wa binti yake. Akijua atasimama kanisani aseme, kisha ampigie msimamizi simu. Nitafukuzwa chuo, na mahafali yamekaribia, mama ameshashona nguo. Naogopa. Hata kula siku hizi najilazimisha.

Juzi nilibeba jembe nikaenda kumchimbia Mama Ndinda. Nilichimba asubuhi nzima, nikamaliza kipande ambacho mkiona mtacheka. Akaniletea uji, akaketi kwenye udongo karibu nami, akaniuliza kwa Kikamba, "Mwana wakwa, wewe ndiye uliandika zile karatasi. Yale maneno niliyasema lini? Siku hizi nasahau sahau. Lakini kama yameandikwa, basi niliyasema."

Tulikuwa wawili tu pale shambani. Kama kuna nafasi Mungu alinipa, ilikuwa hiyo, nami nikainama nikaendelea kuchimba.

Akaendelea kusema kwamba Jumapili hii atasimama mbele ya kanisa amwombe mama yangu msamaha. Akaniomba nisimame kando yake na ile karatasi nimsomee maneno yote, ili atubu bila kuacha hata moja. Nilimwambia sawa, susu, yaani nyanya, nitakuja.

Leo ni Ijumaa. Nyinyi mnaonisoma hapa, wazazi, wanafunzi wenzangu, hata walimu kama mko, nielekezeni. Nifanye nini?