Majibu ya Pande Zote Mbili

Nilitoka Tunduma kwa sababu ya simu. Nilikuwa kwenye meza yangu ya dagaa sokoni, nampimia mteja wangu wa Nakonde, mama mmoja mcheshi wa Kizambia ambaye huniita Bamayo, yaani mama kwa lugha yao, ingawa ananizidi umri. Simu ikaita. Dada mmoja wa hospitali ya Mbeya akauliza kama mimi ndiye Atupele. Nikasema ndimi. Akasema majibu yangu yametoka, nifike kesho asubuhi.

"Na uje na ndugu yako, mama," akamalizia.

Nikakata simu, nikamaliza kupima dagaa, nikamwongezea mteja wangu kidogo kama kawaida, tukataniana, akaenda zake. Alipokwisha kuvuka barabara ndipo maneno yale ya mwisho yakanifikia. Nije na ndugu wa nini? Majibu mazuri mtu hawezi kuyabeba peke yake?

Niwaeleze kwanza nilikuwa nafuata majibu gani. Katika titi langu la kushoto kulikuwa na kivimbe kama punje ya maharage. Hakikuuma. Mume wangu Lugano, fundi wa matairi ya malori, ndiye aliyenisukuma mpaka nikaenda Mbeya kupimwa. Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye mikono ya baridi. Nilifungua blauzi upande wa kushoto tu. Akaniambia nivue yote. Nikacheka, nikamwambia, "Hili la kulia ni zima, daktari." Hakucheka. Akalibonyeza taratibu, vidole vikasimama mahali pamoja, vikaondoka, vikarudi palepale. Baadaye wakanipiga picha kwenye mashine, wakanichoma sindano ya kuchukua nyama kidogo, kushoto na kulia. Nilijiambia la kulia wanalipima ili walinganishe, kama sisi wa sokoni tunavyolinganisha mizani moja na nyingine. Nikarudi nyumbani nikauza dagaa wangu, nikangoja.

Asubuhi ya safari kulikuwa na baridi ya mavuno ya kahawa, ile inayokufanya uone pumzi yako mwenyewe. Lugano alinisindikiza stendi. Malori ya kwenda Zambia yalikuwa yamepanga foleni hata usione mwisho wake, madereva wamejifunika mablanketi kwenye usukani. Ndugu niliyemchukua ni wifi yangu Subira, dada yake Lugano, mwanakwaya, msemaji, mtu asiyeweza kukaa kimya hata kwenye msiba. Nilimchagua kwa sababu hiyo. Sikutaka kimya.

Tukapita Mpemba jua likitoka. Ihanda nikageuza uso upande wa pili wa dirisha. Hapo ndipo kwa mama yangu, na sikuwa nimemwambia lolote. Nilijua saa hizo yuko nje, anatandaza kahawa kwenye chanja. Vwawa watu wakashuka, Mlowo wakapanda wengine na magunia yao. Nanyala gari liliposimama, akina mama wakasogeza mabeseni ya parachichi dirishani, na Subira akachagua mawili, akayabonyeza kwa kidole gumba.

"Wifi, usiogope," akasema. "Tuseme basi wamelikuta na ugonjwa. Watalitoa, utabaki na jingine. Kwa umri wetu huu tutamnyonyesha nani tena?"

"Hata Lugano hataona tofauti," nikamjibu.

Tulicheka mpaka kondakta akageuka kututazama. Nasema kweli, nilifika Mbalizi nikiwa na moyo mwepesi. Nilikwisha kulitoa lile la kushoto kichwani mwangu, nikaliaga, nikalisamehe.

Mbeya, hospitalini, tuliitwa kabla hatujakaa sawasawa. Daktari ni yuleyule. Akamkaribisha Subira, akamsogezea kiti karibu na changu, akafunga mlango mwenyewe.

"Mama Neema," akaanza, kwa jina la binti yangu, "vipimo vimeonyesha saratani."

"Titi la kushoto," nikasema. "Nilishajiandaa."

"La kushoto, ndiyo. Na la kulia."

Nilimtazama. Nikageuka kumtazama Subira, nikidhani labda yeye amesikia vizuri zaidi.

"Saratani iko pande zote mbili," daktari akarudia, polepole.

Sisi wa Tunduma tukisema pande zote mbili tunamaanisha huku na Nakonde. Kwa dakika hiyo akili yangu ilikwenda huko kabisa, mpakani, kwenye geti, nikawa natafuta saratani inahusiana vipi na Zambia. Msinicheke. Mtu akipigwa na kitu kizito kichwani hachagui mawazo.

"Kwa hiyo hili limeliambukiza lile?" nikauliza.

"Hapana. Kwa tulivyoona, hii haikutoka kwa ile. Kila moja imeota yenyewe."

"Kwa wakati mmoja?"

"Kwa wakati mmoja. Hutokea, ila si mara nyingi."

Nikamwuliza kama Jumamosi ninaweza kwenda sokoni, maana ndiyo siku dagaa wapya hushuka. Nilisikia sauti yangu ikiuliza hivyo na nikashangaa inatoka wapi. Daktari akajibu kwa upole kwamba ninaweza, kisha akaeleza kuhusu dripu za dawa, na kwamba baada ya dawa nitafanyiwa upasuaji wa kuyatoa yote mawili. Subira, yule msemaji, alikuwa ameshika mapaja yake kwa nguvu, midomo inacheza bila neno. Mimi ndiye niliyempigapiga mgongoni.

"Katika ukoo wenu," daktari akauliza, "yuko mwanamke aliyewahi kuumwa matiti?"

"Hayupo."

"Una hakika? Binti yako ana umri gani?"

Nikamwambia Neema ni mtu mzima, ana mtoto mchanga anayenyonya. Daktari akaweka kalamu chini. Akasema nimlete wamtazame, na nimwulize mama yangu vizuri, bila haraka. Mlangoni nikakumbuka kumwuliza: hayo maziwa ya Neema, yana kosa? Akasema hayana kosa lolote, mtoto anyonye tu.

Njia ya kurudi siikumbuki vizuri. Nakumbuka parachichi moja likiviringika chini ya viti kila gari lilipofunga breki, na hakuna aliyeinama kuliokota. Nilikuwa nimekunja mikono kifuani kama mtu mwenye baridi. Lile la kulia ndilo lililoniumiza roho. La kushoto lilikuwa limenionya, lakini hili lilikaa kimya likijifanya zima, na mimi nikalitetea mbele ya daktari.

Ihanda tulishuka alasiri. Mama alikuwa kwenye chanja kama nilivyojua, anachambua punje mbovu na kuzitupa chini. Tukamwamkia. Akaitikia kwa furaha, akataka kwenda kutuwekea chai. Nikamshika mkono.

"Mama, natoka Mbeya hospitali. Nina saratani ya matiti. Yote mawili."

Hakulia. Alichukua punje nyingine ya kahawa, akaitazama, akairudisha palepale.

"Daktari ameniuliza kama kwetu yuko mwingine," nikasema. "Nimemwambia hayupo."

"Yuko," mama akasema. "Dada yangu Tumpe."

Mama yangu alizaliwa Isongole, kule Ileje, akaolewa huku Ihanda. Dada yake Tumpe alifariki mimi nikiwa bado sijaanza shule, na maisha yangu yote nimejua kwamba mama mkubwa alikufa kwa kifua. Ndivyo tulivyoambiwa. Na mtu akikuambia kifua, wewe unasikia kikohozi.

"Mama mkubwa si aliumwa kifua?"

"Kifua, ndiyo. Lakini hakukohoa hata siku moja." Mama alikuwa haniangalii. "Yalikuwa magumu kama mawe. Lilianza moja, tukashtukia ni yote. Mimi ndiye niliyekuwa namwosha. Baba alisema si neno la kutaja mbele ya watu, tuseme kifua. Wengine wakasema amerogwa. Tukazoea kusema kifua, mwanangu, mpaka tukaamini."

Subira akaanza kulia hapo, kwa sauti. Miaka yote ile! Neno lilikuwa mdomoni mwao na maana yake wameizika Isongole. Nilitaka kumgombeza mama, nikafungua kinywa, lakini nilipouona uso wake nikakifunga. Alikuwa mwenye hofu kuliko mimi. Akaniuliza kama anaweza kushika. Tukaingia ndani, nikavua, akaweka viganja vyake vyenye vumbi la kahawa.

"Hili la kulia mbona halina kitu?" akauliza.

"Hata mimi nilisema hivyo, mama."

Tulifika Tunduma giza linaingia. Lugano alikuwa bado kijiweni kwake, anafunga tairi.

"Lipi?" akauliza kabla sijamsalimu. "La kushoto?"

"Yote."

"Ndiyo, lakini lipi?"

"Lugano, yote mawili."

Akakaa juu ya tairi. Akatazama mikono yake yenye grisi, akataka kunishika, akaogopa kunichafua, nami nikamwangukia hivyohivyo. Nguo ile nimeifua na kuifua, grisi yake haijatoka mpaka leo.

Neema alikuwa nyumbani kwetu, amekuja kungoja habari, mtoto yuko kwenye titi. Nilipomweleza, na nilipofika kwenye habari za mama mkubwa Tumpe, alimchomoa mtoto ghafla kama mtu aliyegundua amemlisha sumu. Mtoto akapiga kelele.

"Mrudishe," nikamwambia. "Nimeuliza. Daktari amesema maziwa yako hayana kosa."

"Una uhakika, mama?"

"Mrudishe, mwanangu."

Akamrudisha. Mtoto akatulia. Sisi watu wazima tulikaa tukisikiliza akimeza.

Safari iliyofuata ya Mbeya tulikwenda na Neema. Nilipokuwa nangoja nje ya mlango, niliogopa kuliko siku yangu mwenyewe. Kama Mungu angenipa nafasi ya kuchagua, ningebeba saratani ya tatu na ya nne. Alitoka anafunga vifungo vya blauzi. Hawakuona kitu. Wakamwambia arudi kila mwaka, asiruke hata mmoja. Nilikaa chini pale pale kwenye korido.

Safari zangu za matibabu zilifuata. Dripu, kutapika, nywele kutoka zote, mama mkwe akinifunga vilemba na kunisifia kwamba nina kichwa kizuri. Kisha upasuaji. Nilipozinduka niligusa kushoto, bandeji. Nikagusa kulia, bandeji. Nilijua siku nyingi kwamba itakuwa hivyo, na bado nilishtuka kama mtu aliyeambiwa leo. Watu huniuliza kama nimezoea. Naoga, navaa, nauza dagaa wangu. Asubuhi nyingine nikijitazama nashtuka tena. Daktari anasema mpaka sasa vipimo viko safi, na namshukuru Mungu.

Nilipopata nguvu, mama yangu alinishangaza. Alisema, "Twende Isongole." Tukashika barabara ya Mpemba, tukapanda milima ya Ileje, migomba na mahindi huku na huku, mpaka karibu na mto Songwe ambapo ng'ambo ni Malawi. Wenyeji wetu walikuwa wanawake wa ukoo, watoto na wajukuu wa mama mkubwa Tumpe. Walitupikia, tukala, wakaniombea. Ndipo mama akasimama katikati ya sebule. Hajawahi kusimama mbele ya watu, hata kanisani hukaa nyuma.

"Dada yangu hakufa kwa kifua," akasema kwa Kindali, lugha ya kwao, kisha akarudia kwa Kiswahili ili wakwe wote wasikie. "Aliumwa matiti. Yote mawili. Nilimwosha mimi. Nilidanganya, na mwanangu huyu hapa."

Mjukuu mmoja aliacha kuosha sahani. Nikawaambia nilichojifunza katika safari zangu, na ndicho ninachowaambia ninyi: kivimbe kisichouma si rafiki; ukienda kuonyesha titi moja, waonyeshe yote; na ugonjwa wa mtu wenu muutaje kwa jina lake, kwa sababu watoto wenu watalihitaji jina hilo.

Tulipotoka nje kuaga, mdogo wangu Sekela, mtoto wa mwisho wa mama mkubwa, alinifuata mpaka nyuma ya nyumba. Alinishika mkono, akauingiza chini ya blauzi yake, ubavuni, karibu na kwapa. Kilikuwepo. Kidogo, kigumu, kinateleza chini ya kidole.

Macho yake yalikuwa yameganda usoni mwangu, yananisubiri mimi kama nilivyomsubiri daktari. Nilimwuliza tu kama ana sweta, maana Mbeya asubuhi kuna baridi, na gari la kwanza linaondoka mapema.