Nusu ya Kwanza Igawa, Nusu ya Pili Ipogolo

Apolonia Kikoti ni mzaliwa wa Kilolo. Aliolewa hapa Igawa miaka ishirini na mitatu iliyopita, na muda wote huo amekuwa akiwauzia vitunguu abiria wa mabasi. Ana sauti inayopenya kioo kilichofungwa. Mimi nina duka dogo la stationeri pale kituoni, nachapa barua za kuomba kazi na kutoa kopi za vyeti, ndiyo maana nilikuwa mtu wa kwanza kujua kwamba muuza vitunguu ameandika riwaya.

Aliniletea madaftari sita yanayonuka vitunguu.

"Nichapie," akasema. "Ukiona nimekosea usirekebishe. Niambie kwanza, tugombane."

Nilianza Jumatatu. Kufika Jumatano nilikuwa nimewafungia mlango wateja wa vyeti ili nijue kinachofuata. Riwaya iliitwa *Mjane wa Ubaruku*. Yudith, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, anamzika mumewe. Siku ya tatu ya matanga, mchana, watu wamejaa uani wanakula, mtu anabisha hodi mlango wa nyuma.

Ili kukitoa kitabu, Apolonia aliuza magunia kumi na mawili ya mpunga ambayo mumewe, Aroni, aliyatunza kwa ajili ya kununua mabati. Aroni ni mkulima mpole, hagombi, lakini siku hiyo alijitahidi.

"Mama Prisca, mabati yanazuia mvua. Kitabu kinazuia nini?"

"Kinazuia ujinga."

"Ujinga hauvuji kitandani," akasema Aroni, akaenda shambani.

Nakala mia tatu zilishushwa kutoka kwenye lori lililotoka Mbeya. Apolonia akapeleka kumi kwenye duka moja la vitabu mjini. "Tuachie," wakamwambia, "vikiisha tutakupigia." Baada ya miezi minne akaenda mwenyewe, akavikuta vyote kumi, chupa ya chai imekaa juu yake. "Havijaisha," muuzaji akasema, na kweli hakudanganya. Kanisani, baada ya misa, kila mtu alimpongeza, na kila mtu aliomba cha bure chenye sahihi. Kwenye madirisha ya mabasi ndiyo kabisa. Abiria anauliza, "Kinahusu nini?" Kabla Apolonia hajafika hata kwenye mazishi, basi limeondoka, na mara mbili liliondoka na kitabu.

Halafu likaja joto la Oktoba. Maboksi yalikuwa yamepangwa karibu na ukuta wa jiko, gundi ikalegea, vitabu vikaanza kuachana katikati. Vilivyovunjika vyote vilivunjikia mahali pamoja, ukurasa wa sitini na nne, kana kwamba vimeelewana. Apolonia alikuja dukani na nusu moja mkono huu na nusu nyingine mkono ule, akakaa kwenye kiti cha wateja, akalia. Nikamwambia tutavibana kwa pini. Hakunisikia.

Asubuhi iliyofuata mama mmoja wa basi la njano linalokwenda Dar alinunua gunia zima la vitunguu. Apolonia, kwa kukata tamaa, akampa nusu ya kwanza kama nyongeza. Kufika saa sita mchana simu yake ikalia. Namba ilikuwa imechapwa kwenye jalada.

"Wewe ndiye Apolonia Kikoti?"

"Ndiye mimi. Shikamoo."

"Shikamoo yako iweke kwanza. Nani alikuwa mlangoni?"

"Mlango gani, mama?"

"Mlango wa nyuma! Yudith kafungua, kainua macho, 'na aliyesimama pale alikuwa', halafu hakuna kitu! Nimewasomea watu kwa sauti tangu Makambako, sasa basi zima linaniuliza mimi!"

"Mko wapi?"

"Iringa, hapa Ipogolo. Tunakula."

Apolonia akakata simu, akampigia mdogo wake, Matilda, anayeuza ndizi na maji kwenye kituo hicho hicho cha Ipogolo.

"Kamwene, Matilda," akamsalimia kwa Kihehe. "Kile kitabu nilichokupa unacho?"

"Ninacho, dada. Nakikalia, kigoda kimevunjika."

"Kipasue katikati. Kuna basi la njano hapo. Uza nusu ya mwisho, elfu tano."

"Dada, umeugua?"

"Pasua!"

Matilda akapasua. Baadaye alitusimulia kwamba hakuwahi kufika mlangoni mwa basi. Walimfuata chini, wakapandishiana bei wenyewe, na ile nusu ikaondoka kwa elfu nane.

Kuanzia siku ile biashara ikabadilika. Vitabu ambavyo havikuvunjika nilivikata kwa mashine yangu ya kukatia karatasi. Nusu ya kwanza ikauzwa Igawa kwa elfu mbili, nusu ya pili Ipogolo kwa elfu tano, kwa sababu mtu akishashikwa na hamu habishani bei.

Tatizo likatokea upande wa pili. Abiria wanaotoka Dar kwenda Mbeya hukutana na Matilda kwanza, na Matilda hajawahi kumwacha mteja aende mikono mitupu. Akawauzia mwisho. Wakafika Igawa wamechanganyikiwa. "Huyu Yudith ni nani?" mwanamume mmoja alifoka dirishani. "Nimelia kwenye harusi yake na simjui!" Apolonia akamuuzia mwanzo. Mwalimu mmoja wa Mbeya alipiga simu kusema kitabu kinaeleweka vizuri zaidi kikianzia mwisho.

Kisha kukatokea la Asukile, dereva wa basi la njano. Siku moja alikuwa amechelewa, akaamua kuipita Ipogolo bila kusimama. Hakujua kwamba nyuma yake kuna nusu kumi na saba. Mama mmoja mtu mzima akainuka akamsogelea.

"Dereva, simama."

"Tumechelewa, mama."

"Mwanangu, mimi nina presha. Nisipojua aliyekuwa mlangoni, utanishusha hospitali."

Basi likasimama. Siku mbili baadaye Asukile alifika kwenye meza ya Apolonia amekunja uso. Apolonia akajua sasa anafukuzwa kituoni.

"Mama, unaniharibia ratiba."

"Nisamehe, mwanangu."

"Kondakta wangu anajua. Abiria wote wanajua. Mimi peke yangu sijui, kwa sababu nashika usukani. Niambie, alikuwa nani?"

"Nunua," akasema Apolonia.

Akanunua nusu zote mbili. Nanyi mkiniuliza mimi niliyekichapa, siwezi kusema. Sitaki kumkatia dada riziki.

Vitabu vikaisha kabla ya Pasaka. Apolonia akaagiza vingine elfu moja. Mchapaji wa Mbeya alikuwa amesikia habari za gundi, akaomba radhi, akaahidi safari hii ataweka gundi imara.

"Usithubutu," Apolonia akamwambia. "Niwekee ile ile."

Sasa vijana wanakuja dukani kwangu na madaftari, wanauliza kama vitabu vinalipa. Nawapeleka kwake. Yeye huwajibu huku akifunga vitunguu: mwaka jana vitabu vilishinda vitunguu kwa miezi saba, vitunguu vikashinda mitano, na anayesimama barabarani juani ni yule yule.

Aliyeshawishika zaidi ni Aroni. Aliandika kurasa thelathini kuhusu kilimo cha vitunguu, akaniamuru nikate kwenye ukurasa wa kumi na tano, panaposema, "Na sasa, ili vitunguu visioze ghalani, jambo moja kubwa ni". Akauza nusu arobaini, akakaa na simu kifuani.

Ilipita wiki mbili, simu kimya. Wiki ya tatu ikalia. Alikuwa mfanyabiashara wa Makambako.

"Nimesoma kitabu chako, mzee."

"Unataka nusu ya pili?" Aroni akauliza, amesimama wima.

"Hapana. Nataka magunia thelathini. Unayo?"

Alikuwa nayo. Tangu hapo Aroni anasema kitabu chake kimelipa kuliko cha mkewe, na kwa kurasa chache. Apolonia anasema hayo ni mauzo ya vitunguu, hayahusiani na fasihi. Juzi walikuja wote wawili dukani, wakataka niamue. Nikawasha mashine ya kopi, ina kelele sana, nikawaambia sisikii vizuri.