Kaya Moja, Mahali Pawili

Kazi yenyewe haikunitisha mwanzoni. Shirika moja la Dar es Salaam lilitaka programu ya mtandaoni itakayoonyesha kila kaya ya bonde la Rufiji iko wapi, ili maji yakijaa boti zijue pa kwenda. Nilikuwa nimepanga chumba Kibiti mjini, nina kompyuta na intaneti ya kubahatisha, nikaikubali kazi hata kabla bosi hajamaliza kuieleza.

Kwenye fremuweki niliyotumia, yaani mfumo wa kujengea programu, kila unachotaka kukihifadhi unakiundia modeli, kisha unaeleza modeli hii inahusianaje na ile. Mimi nilikuwa na Kaya na Mahali. Bosi alitaka mstari mmoja tu: kaya ina mahali. Huyo ni mtu wa maghorofani. Mimi nimezaliwa Mtunda, na sijamwona bado mkulima wa mpunga wa kwetu mwenye mahali pamoja. Mpunga ukianza kutoa masuke, mama yangu hufunga nyumba kwa kufuli, akabeba sufuria na mkeka, akashuka bondeni kukaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti katikati ya shamba. Huko anawinga ndege mchana na kufukuza nguruwe usiku, wala hapandi huku juu mpaka avune. Ukimfuata nyumbani wakati huo utazungumza na kufuli.

Kwa hiyo Kaya ilibidi iunganishwe na Mahali mara mbili, na hapo pana mtego. Uhusiano wa pili ukiupa jina lilelile la wa kwanza, fremuweki hailalamiki. Wa pili unakikalia kiti cha wa kwanza, na wewe unaendelea kunywa chai. Kila uhusiano unataka jina lake na safu yake kwenye jedwali, tena useme waziwazi kwamba mahusiano yote mawili yanaelekea kwenye modeli ileile. Nikaandika makazi, nikaandika dungu. Kisha nikageukia upande wa pili, maana Mahali napo panataka kuzijua kaya zake: hawa wanaishi hapa, hawa wanalinda hapa. Ilipokubali nilijinunulia soda. Niliona nimewaingiza watu wetu kwenye mashine kama walivyo.

Nikaenda Mtunda kuijaribu kwa mama. Nilimkuta uani anapepeta mchele. Habari za nyumba alinipa bila tabu, akanieleza na njia ya kupita ukitokea msikitini. Nilipofika kwenye swali la dungu akaweka ungo chini.

"Hilo la dungu nani kakutuma?"

"Ni hao wa shirika, mama. Kwa ajili ya mafuriko."

"Hata wale walisema mafuriko."

Nilijua anawasema kina nani. Alikuwa mtoto mdogo kwao walipohamishwa na serikali bondeni na kuletwa huku juu, wakiambiwa kule maji yatawamaliza. Bibi alikufa akiitaja nyumba aliyoiacha kule.

"Maji yakija usiku, boti itakuja kugonga hapa, mama. Hapa kwenye kufuli."

"Maji yakija yanaondoka, mwanangu. Siye hawajatuambia tutarudi lini." Akauchukua ungo wake. "Andika nakaa hapa. Dungu usiliandike."

Nilikasirika. Nilimwambia ubishi wake utamuua, maneno ambayo mtu hamwambii mzazi. Akaendelea kupepeta.

Kesho yake nikiwa Kibiti bosi alipiga simu. Nilimweleza kuhusu ule uhusiano wa pili, nikitarajia ataubeza. Alifurahi kupita kiasi.

"Kumbe wapo wanaolala bondeni? Watu wa mipango ya ardhi wataipenda sana hiyo."

Nikamuuliza nani wengine wataiona.

"Wadau wote," akasema, kama anayenipa zawadi.

Nilibaki mbele ya skrini nimeogopa. Nikiuacha ule uhusiano, mama anaweza kuambiwa hana ruhusa ya kulala shambani, na mpunga usiolindwa ni wa ndege. Nikiufuta, mashine itaamini mama yuko juu, salama, hata maji yakiwa yamemzunguka. Nilitafuta njia ya tatu, nikaikosa. Nikaufuta. Ilikuwa mistari michache tu, na programu ikawa nyepesi kuliko awali. Bosi akanisifu kwa hilo, na sifa zake zilinichefua.

Mavuno yalipokaribia, mvua zilipiga bara mfululizo na mto ukaanza kupanda. Programu ikawapangia watu wa boti safari zao. Kaya ya mama iliwekwa na za walio juu, wasiohitaji kufuatwa. Nikatafuta bodaboda wa kunifikisha Mtunda, nikapata na mwenye mtumbwi wa kunishusha bondeni. Kilichobaki ni kujua kama mama ameshapanda kutoka bondeni au bado. Nikampigia.

"Mama, uko wapi?"

"Unaniuliza wewe, au wananiuliza wao?"

"Mimi, mama. Mimi mwanao."

"Basi niko nyumbani," akasema, na kabla hajakata simu nikamsikia anawinga ndege.