Kiputo cha Harusi

Jirani yetu wa Doonside, fundi wa mitambo, huiweka pimamaji yake ndani ya soksi ya mtoto, maana anasema hata joto la kiganja huisumbua. Akiilaza mezani hurudi nyuma, hubana pumzi, kisha huigeuza aitazame upya. Jumamosi, kwenye harusi ya Divine, aliilaza kando ya keki ya ghorofa tano, akachomeka kadi ya mwaliko chini ya mguu wa meza ili kuisawazisha. "Ndugu zangu, msiheme kwanza!" Watu mia mbili tukatulia, vicheko vimetujaa mashavuni. Kiputo cha hewa ndani ya pimamaji kikatambaa hadi katikati. "Iko sawa!" akapaza sauti, akaruka kwa furaha, mbao za sakafu zikatikisika, kiputo kikakimbia. Divine, bibi harusi, aliyekwisha kuinua kisu, akakishusha bila kuambiwa, akabana pumzi.